Mke wa Koti

Siku niliyokabidhi funguo, Wakili Makoye alinipa zawadi ya saa ya ukutani, nikabaki najiuliza mtu anayestaafu anapewa saa ya nini. Nyie vijana mliobaki ofisini mkaniambia, mama, tuandikie mambo ya kazi kabla hujasahau. Sijasahau kitu. Nimekubali tu kwa sababu nimekaa nyumbani wiki tatu, na jirani yangu ameanza kunikwepa tangu nilipomsahihishia barua ya kikundi chao cha vikoba kwa kalamu nyekundu. Habari za vyeo msizitafute humu. Karani wa wakili hana cheo cha kupanda. Ngazi nilizopanda ni zile za ofisini kwetu, juu ya duka la mabati, hapa Nyamagana, na magoti yangu yanazikumbuka zote.

Nilianza nikiwa msichana nimetoka Ukerewe na cheti cha uchapaji na viatu vya kuazima. Siku ya kwanza nilipewa kiapo cha kurasa mbili nikichape na nakala yake. Nikaweka kaboni kinyumenyume, kwa hiyo nakala yote ikajichapa mgongoni mwa karatasi ileile ya juu. Nilitaka kulia. Karani mkuu wakati huo alikuwa Mzee Ndaro, Mjita wa upande wa Musoma, mtu mwembamba aliyevaa sweta jua likiwaka. Aliichukua ile karatasi, akaisimamisha dirishani, akasoma kiapo chote kuanzia nyuma bila kunitazama. Kisha akasema kuanzia leo nitasoma kila faili kwa kuanzia karatasi ya mwisho, kwa sababu watu huanza na maneno mazuri na kumalizia na shida yao. Sikujua kama ni adhabu au ni somo. Nimefanya hivyo miaka thelathini na nne.

Jambo la pili alilonifundisha ni picha. Siku hizo familia zilizogombea mirathi zilituletea picha kama ushahidi, na Mzee Ndaro hakuwa akitazama sura hata kidogo. Alikuwa akisema uso hujiandaa kupigwa picha, mikono haijiandai. Kuna jamaa alileta picha ya marehemu akiweka dole gumba kwenye wosia, marehemu anatabasamu, kila mtu ameridhika. Mzee Ndaro akauliza kwa nini marehemu amevaa saa inayofanana na ya mleta picha. Jamaa akaficha mkono mfukoni, na shauri likaishia pale pale kwenye benchi.

Zilipokuja kompyuta nilizipokea kama mtu anavyompokea mke mwenza, kwa adabu na bila kumwamini. Kopo langu la pini niliendelea kulitunza, nanyi mlilicheka, na umeme ukikatika mlikuwa mnakuja kuliazima. Zikaja na kazi mpya. Watoto wa huku walianza kupata ukaazi nchi za mbali, wakataka kuwadhamini wake na waume zao wawafuate, na nchi hizo zinapenda karatasi kuliko sisi. Nimechapa faili nyingi za namna hiyo. Ninalotaka kuwasimulia ni moja, la Kabula.

Kabula alipanda ngazi zetu Jumanne moja ya masika, matope ya stendi yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa fundi cherehani wa Magu, miaka ishirini na nane, mpole wa kusema. Alinisalimia, shikamoo mama, nikaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi na bahasha mapajani. Alikaa karibu saa nzima akiwapisha wengine. Mwishowe nikamwendea mwenyewe, maana mtu anayewapisha wengine kwa wakili ana jambo la aibu.

Ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya kutoka Kanada. Wakili alikuwa mahakamani, nikaisoma mimi, kuanzia mwisho. Barua hizo mkiona mwanzoni wanawashukuru kwa uvumilivu wenu, jueni chini kuna kisu. Mume wa Kabula anaitwa Masanja. Alitoka Magu akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha nyama huko, mtoto wa wafugaji amevuka bahari kwenda kukata ng'ombe asiowajua hata majina, akapata ukaazi, na sasa alikuwa ameomba kumdhamini mkewe. Wenye nchi walikuwa na maswali mawili. Masanja alikuwaje Magu siku ya harusi wakati pasi yake inaonyesha hakuvuka mpaka mwaka mzima? Na kwa nini picha za harusi zinaonekana zimeguswaguswa? Walitoa siku thelathini za kujieleza. Atakayebainika kudanganya atafungiwa mlango miaka mitano.

Nikamwuliza Kabula, mume wako siku ya harusi alikuwepo? Akasema alikuwepo, lakini alilisemea benchi. Nikamwomba picha.

Jamani. Bwana harusi alikuwa na uso mmoja katika kila picha aliyonipa. Macho mbele, mdomo umefungwa, masikio yote mawili yanaonekana. Wanakata keki, yeye anatutazama sisi. Analishwa keki, bado anatutazama sisi, na keki inaelekea shavuni. Shangazi mmoja amemkumbatia analia, naye anatutazama kama anayesubiri kugongewa mhuri. Ilikuwa picha yake ya pasi. Nikashuka kwenye mikono, kama nilivyofundishwa. Mkono wa kushoto, kidole cha kati, hakina ncha.

"Mumeo alikatika kidole lini?" nikamwuliza.

Kabula akaitazama picha. Halafu akacheka, na kicheko hakikufika mbali kikageuka machozi.

"Hicho ni cha shemeji, mama."

Basi akanieleza. Harusi ilipangwa, ng'ombe wa mahari wakafika kwao, ndugu wakaja mpaka kutoka Shinyanga, na siku nne kabla ya sherehe kiwanda kikamnyima Masanja likizo. Wakweze walifikiria kuahirisha. Lakini dume lilikuwa limeshachinjwa, na nyama hairudi zizini. Wazee wakakaa, wakampigia Masanja simu mbele ya mjomba wake, wakamwuliza kama anamtaka Kabula, akasema anamtaka. Kisha wakamvika kaka yake, Bulugu, koti la Masanja, asimame mahali pake. Koti lenyewe Masanja alikuwa ameliacha nyumbani alipokwenda kwenye nchi ya barafu, jambo ambalo mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza. Bulugu ni mtu mnene, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na ndicho kilichomla kidole. Mikono ya koti ilimwishia katikati ya kiwiko na kiganja. Akasimama, akaitikia, mila ikatimia, watu wakala.

Yaliyofuata yalitokana na upendo. Masanja alipoomba picha za harusi za kuambatanisha, familia ikaona haya kumpelekea mtu picha za mkewe na kaka yake. Wakampelekea mpiga picha wa mjini pale picha ya pasi, naye akamvua Bulugu kichwa mara kumi na moja na kumpachika Masanja. Picha ya kumi na mbili akaisahau. Humo bwana harusi ni Bulugu mwenyewe, jasho linamtoka, furaha imemjaa, na wao wakaipeleka pamoja na nyingine.

Wakili Makoye aliporudi nilimweleza yote wakati akinywa chai, nikakosea, maana ilibidi nifute faili mbili. Alipomaliza kukohoa alimwita Kabula ndani akamweleza kwa utaratibu. Sheria yetu, alisema, inaikubali ndoa ambayo mmoja hakuwepo, mradi aliridhia mbele ya mtu, na mtu huyo awepo kwenye sherehe na kuthibitisha. Mjomba alikuwepo. Kwa hiyo ndoa ni ndoa. Ila Kanada kwenye udhamini hawaihesabu ndoa ambayo mmoja hakuwepo kwa mwili wake mwenyewe, hata kama kwenu ni halali kabisa, na hata mngepigiana simu au kuonana kwenye video. Wanaosamehewa ni wachache, kama wanajeshi waliozuiwa na kazi yao. Kukata nyama hakumo.

"Sasa wakili, mimi ni mke au si mke?" Kabula aliuliza.

"Ukiwa hapa mpaka mpakani, ni mke. Ukishuka kwenye ndege kule, si mke."

Hapo ndipo nilipoliona shimo lenyewe, nanyi mlione. Akisema Masanja alikuwepo, amedanganya, miaka mitano nje. Akisema hakuwepo, amesema kweli, na ndoa haihesabiki. Kabula alikuwa ameishi kwa wakweze karibu miaka miwili, anashona nguo za watoto wa shule barazani kwao. Masanja hakuwahi kuja tangu aondoke. Mtaani walikuwa wamempa jina. Alinitajia tukishuka ngazi, taratibu, kama mtu anayemwonyesha daktari jipu.

"Wananiita mke wa koti."

Nilikasirika. Sikasiriki ovyo, mnanijua, nilikasirika siku mliyopoteza mhuri na siku hiyo. Nikamwambia arudi kesho na Bulugu na mpiga picha.

Tuliamua kusema kweli. Bulugu aliapa kuwa alioa kwa niaba na hana dai lolote, na akasisitiza niandike kwamba koti lilimbana. Mpiga picha alikuja amevaa tai, kumbe alidhani anaitwa kupongezwa. Alitueleza kwa fahari jinsi alivyohangaika na masikio. Nilichapa maelezo yake yote, na masikio nikayaacha humo, kwa sababu hakuna mwongo anayetunga kitu kama kile. Tukaandika kwamba hawakuwa na nia mbaya, kwamba wanaliondoa ombi, na kwamba wataoana tena wote wakiwepo. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Niliposoma mstari wa mwisho kwanza nilipiga meza. Wamefunga faili, hawakumfungia mtu. Milango iko wazi wakileta ndoa waliyohudhuria wote wawili.

Masanja akapata likizo ya wiki tatu. Kanisa la kwao Magu linataka ndoa itangazwe Jumapili tatu, kwa hiyo matangazo yakaanza mawili kabla hajafika, la tatu akiwepo, na ndoa Jumamosi inayofuata. Hesabu ilikaa vizuri kabisa, na mimi nimejifunza kuogopa hesabu inayokaa vizuri. Jumapili ya pili nilikwenda Magu kuchukua nakala ya tangazo kwa ajili ya faili. Nilikaa nyuma, nikatoa miwani. Mchungaji akasoma majina, akauliza kama kuna mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama na fimbo yake.

"Mimi ninayo. Kabula ni mke wa mtu."

Mchungaji akaweka karatasi chini akamwuliza, mke wa nani, mzee?

"Wa huyo Masanja uliyemtaja."

Alikuwa Mzee Lushinge, baba mzazi wa Kabula. Watu wengine walicheka, kwaya ikajaribu kuanzisha wimbo ikashindwa, na Kabula alikuwa ameinamisha kichwa kwenye magoti. Sikucheka. Pingamizi limeshasemwa mbele ya watu, na mchungaji hakuwa na ruhusa ya kuendelea mpaka liondolewe. Masanja alikuwa anafika Alhamisi. Kama mzee angeshikilia, kijana angerudi kwenye nyama zake bila ndoa, na likizo nyingine ilikuwa mwaka mzima mbele.

Baada ya ibada tuliingia chumba cha wazee wa kanisa. Walikuwepo mchungaji, Mzee Lushinge, Kabula, na mimi niliyejikaribisha. Nilianza kumweleza mzee sheria ya Kanada. Alinisikiliza kwa heshima, akaniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama, kisha akauliza lake.

"Mayu, mnataka aolewe upya. Anayeolewa upya hakuwa ameolewa. Sasa hii miaka miwili binti yangu alikuwa kwa watu wale kama nani?"

Hasira zangu zote ziliisha. Nilikuwa nimekuja kupambana na mkaidi, nikakuta ni baba anayemlinda mwanawe kwa njia pekee aliyoijua. Jina la mke wa koti lilikuwa limemfika na yeye. Na sisi wenye mihuri tulikuwa tunataka kusimama madhabahuni na kuwathibitishia waliolitunga.

Nikafikiri kwa kuanzia nyuma. Mwisho tunaoutaka ni nini? Cheti chenye tarehe mpya, na sahihi mbili za watu waliokuwepo. Kanada hawajali huko nyuma mtu aliitwa nani. Nikamwuliza mchungaji, hapa kwenu wale waliooana kimila na wana wajukuu, wakija kanisani mnawafanyia nini? Akasema wanabariki ndoa. Wanaapa upya? Wanaapa kila kitu, ni ibada ileile, na anawaandikia cheti kwenye kitabu cha serikali, sheria inaruhusu waliooana kimila kufunga na kwa dini.

Nikamgeukia mzee. "Baba, kitu ambacho hakipo kinabarikiwa?"

Akafikiri. Akasema hakibarikiwi.

Basi tukaiita kubariki. Lakini mzee alikuwa bado na moja, alitaka cheti kiandikwe tarehe ya zamani, ile ya koti. Tarehe hiyo ndiyo iliyotuua. Nikaomba kuona kitabu. Kitabu kina sehemu ya kujaza hali ya kila mmoja kabla ya ndoa hii, kama hajaoa, mjane, au vinginevyo. Wengi huandika hajaolewa na kupita. Nikamwomba mchungaji aandike pale: ameolewa kimila na bwana harusi huyuhuyu. Tarehe ibaki mpya. Mzee akaomba asomewe mara tatu, akaweka kidole chini ya maneno ingawa hajui kusoma, kama vile anayapima uzito. Kisha akaliondoa pingamizi lake, akaomba kuwa shahidi, na saini yake ya dole gumba ndiyo ya kwanza kwenye cheti hicho.

Masanja alifika Alhamisi, mwembamba, amevaa koti la baridi hadi magotini kwenye jua la Magu. Nadhani hakutaka kosa lijirudie.

Nitawaambia mwisho wa faili kwanza, ndivyo nilivyofunzwa. Ombi lilipelekwa upya. Picha nilizikagua mwenyewe moja moja, na mpiga picha alinihakikishia hatagusa kichwa cha mtu. Kati ya picha ishirini, Masanja amefumba macho katika kumi na saba. Tukazipeleka hivyohivyo. Kabula alipohojiwa aliulizwa kwa nini mumewe amefumba macho, akajibu ndivyo alivyo, na Mungu anajua ni kweli. Viza ilitoka. Nilimsindikiza uwanja wa ndege Mwanza na cherehani yake ndogo ndani ya boksi, tukabishana na watu wa mizigo mpaka wakachoka. Faili lake ndilo la mwisho nililolifunga kwa pini zangu.

Ila lililobaki moyoni ni la siku yenyewe, Jumamosi ile kanisani. Kwa miezi mingi nilikuwa nimewasema watu wa Kanada, nikiwaona wakorofi wasiojua kwamba kwetu kaka husimama badala ya kaka, na koti ni koti. Mchungaji akafika mahali pa kiapo. Akauliza kwa sauti kubwa, Masanja, unamkubali Kabula kuwa mkeo?

"Ndiyo, nakubali," akajibu Bulugu.

Alikuwa amesimama pembeni kama msindikizaji, amevaa koti lake mwenyewe la kumtosha, na jibu lilimtoka kwa mazoea tu. Kanisa zima liliangua kicheko. Mzee Lushinge alicheka mpaka fimbo ikaanguka, mimi nikafuta miwani. Bulugu akaziba mdomo kwa ule mkono wa kidole kifupi. Kicheko kilipotulia Masanja naye akajibu, kwa sauti ndogo ya mtu aliyekaa ugenini muda mrefu, ndiyo, nakubali.

Kabula hakuwa amecheka na wengine. Alikuwa anamtazama.

"Rudia," akamwambia.

Mchungaji akainama akamnong'oneza kwamba mara moja inatosha, kisheria imeshakuwa. Kabula akasema hakuuliza sheria. Miaka miwili, akasema, alikuwa hajamsikia akilisema mwenyewe.

Masanja akarudia, safari hii mpaka waliosimama nje wakasikia, na Bulugu hakusaidia.